Mwanamke Aliyegonga Jibini

Katika miaka kumi na moja aliyokaa Marekani, Genoveva alikuwa ameulizwa mambo mengi. Tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo mwenyewe hakuwa na hakika nayo. Majina ya kambi alizopitia. Kama amewahi kuugua kifua kikuu. Kama mgongo wake unaweza kuinua mzee wa kilo themanini kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza anajua nini. Naye, kwa kuwa hakuulizwa, alinyamaza. Alivaa sare ya bluu ya watunza wazee, akapanda treni kila alfajiri pale Silver Spring, akawaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwa upole uleule mwaka baada ya mwaka, mpaka kile alichokijua kikawa kama chumba cha nyumba ambacho mlango wake haufunguliwi tena.

Alichokijua kilikuwa jibini.

Alizaliwa katika vilima vya Masisi, mashariki ya Kongo, nchi ya baridi na majani mabichi, ambako watu hutengeneza jibini za mviringo, za njano, ambazo wenyewe huziita fromaji. Baba yake alikuwa mtengenezaji. Yeye, tangu ana miaka tisa, alikuwa mgeuzaji. Kila siku, rafu kwa rafu, aligeuza kila jibini juu chini, akaipangusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Jibini nzima hujibu kwa sauti nzito, kama mlango wa mti mgumu. Yenye ufa ndani hujibu kama mtungi mtupu. Akiwa na miaka kumi na mitano hakuwa akikosea. Halafu vita vikapanda vilima vile, ng'ombe wakachinjwa wakiwa malishoni, na mbao za rafu zikawa kuni za wanaume asiowajua. Genoveva hakupenda kusimulia habari hiyo. Aliona kwamba watu wakishaijua, hawataki tena kujua kitu kingine juu yake.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tano. Baada ya misa, watu wakinywa chai ukumbini, mwanamke mmoja Mkenya aitwaye Jelagat alikuwa akilalamika. Jelagat alisimamia wageni kwenye shamba la mizabibu huko Virginia, ng'ambo ya Leesburg, mwendo wa saa nzima na ushee kutoka Silver Spring. Kila Jumamosi watu wa mjini huenda huko kwa pikiniki: wanatandika mashuka kwenye nyasi, wanafungua divai, wanataka mkate na jibini vilivyotengenezwa kwa mikono. Mama aliyekuwa akiwachagulia vitu hivyo alikuwa amehama.

"Na siwezi kuwapea vitu za supamaketi," Jelagat alisema. "Hawa wageni huuliza. Nani alitengeneza, wapi, maziwa ya ng'ombe gani. Aki wataniua."

Genoveva aliweka kikombe chake chini.

"Miye ninajua fromaji," alisema.

Jelagat alimtazama, akaitazama sweta yake ya kazi. "Unajua kula, mama, ama unajua?"

"Ninajua."

Labda ni namna alivyolisema. Jelagat, ambaye naye alikulia kwa watu wa maziwa, alimpa Jumamosi moja. Wageni ishirini na wanne, saa saba mchana. Achague mwenyewe mikate na jibini, asimame mezani, awaeleze wageni kila moja ni nini. Wakiridhika, meza ya jibini itakuwa yake msimu mzima. Wasiporidhika, basi, watabaki kusalimiana kanisani.

Kwa wiki mbili Genoveva alitumia kila saa ya mapumziko akizunguka madukani. Hatimaye, Ijumaa jioni, mezani jikoni kwake kulikuwa na jibini tano alizoagiza kwenye duka moja la mjini: moja yenye koti jeupe la ukungu kama manyoya ya kitoto cha sungura, moja yenye mishipa ya bluu, moja ya mbuzi iliyopakwa majivu, na mbili ngumu zenye maganda ya kahawia. Kando yake mikate minane, mikubwa, yenye gamba gumu jeusijeusi. Aliziacha juu ya ubao ili baridi ya friji izitoke taratibu, akazifunika kwa kitambaa safi, akalala mapema.

Alichosahau ni Elieth.

Elieth alikuwa Mtanzania wa Ukerewe, mlokole, dereva wa gari la kusafirisha watu wa viti vya magurudumu, na mwenzake wa nyumba kwa miaka mitano. Alikuwa na moyo wa dhahabu na imani kali mbili: kwamba Yesu anarudi, na kwamba hakuna kitu cha kuliwa ambacho hakihitaji kwanza kuoshwa kwa ndimu na chumvi. Samaki, nyama, kuku wa dukani aliyefungwa kwenye plastiki, vyote vilipita mikononi mwake vikipigwa ndimu. Alirudi kutoka kazini usiku wa Ijumaa hiyo, akafunua kitambaa, akaona alichokiona.

Genoveva aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akaingia jikoni, akakuta nyumba inanuka ndimu.

Jibini zake tano zilikuwa zimelala kwenye beseni la maji. Ile nyeupe ilikuwa imevuliwa koti lake lote, ikatepeta kama uji uliopoa. Ya mbuzi ilikuwa imesuguliwa majivu hadi ikapasuka. Zile ngumu zilikuwa zimemenywa kama viazi. Na ile ya bluu, Elieth alikuwa ameichokoa bluu yote kwa ncha ya kisu, mshipa kwa mshipa, kwa subira ya ajabu, ikabaki na matundu kama kuta za nyumba iliyopigwa risasi.

"Elieth! Weye Elieth!"

Elieth alitokea na khanga, anapiga miayo. "Umeamka, dada Geno? Wamekuibia wale watu. Wamekuuzia vitu vimeota ukungu! Nimekaa navyo hapa nikavisafisha vyote. Na mikate waliiunguza, imekuwa migumu kama tofali, nikaipasha kwenye maikrowevu na kitambaa kibichi ilainike. Ishike uone."

Genoveva alibonyeza mkate mmoja. Ulibonyea, ukabaki umebonyea.

"Ule ukungu," alisema polepole, "ndiyo fromaji yenyewe."

"Nini?"

"Ule ukungu, Elieth. Mtu aliuotesha kwa miezi. Aliulea. Kama mtoto."

Elieth alitazama beseni, akamtazama mwenzake, akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akaketi kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo.

"Mpigie Jelagat," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Mwambie umeugua. Mwambie mimi nimeugua. Mwambie nimekufa."

Genoveva alikuwa akitazama maji ya beseni, yamekuwa meupe, na akajua kwa uhakika kwamba akipiga simu hiyo ule mlango utafungwa mara ya pili, na safari hii atakuwa ameufunga yeye. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, au karibu na hapo. Hakuwa na muda wa kuufungua tena.

"Bon," alisema. "Saa saba haijafika. Vaa nguo. Utaniendesha."

"Mpaka kwenye shamba la pombe?"

"Mpaka kwenye shamba la pombe."

"Bwana Yesu anisamehe," alisema Elieth, na alikuwa ameshashika funguo.

Duka la mjini lilikuwa halifunguliwi mpaka saa tano, na jibini zile ziliagizwa wiki nzima kabla. Kwa hiyo walivuka mto Potomac na kwenda kwenye soko la wakulima la Arlington, wakafika wauzaji wakiwa bado wanasimamisha mahema. Genoveva alipita meza za mikate moja baada ya nyingine bila kusimama. Kwenye meza ya mwisho palikuwa na mama mnene, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, na mikate yake ilikuwa bado inalia. Ukikaribia unasikia magamba yakitatarika kwa kupoa. Genoveva aliuchukua mmoja, akaugeuza chini juu, akaugonga matako kwa kifundo cha kidole. Mkate ulijibu. Akautazama ule mwingine, akaugonga.

Yule mama alicheka. "Wateja wangu wengine hupiga picha," alisema kwa Kiingereza. "Wewe unabisha hodi."

Alichukua mikate kumi. Jibini za hapo hazikumridhisha. Alionja mbili, akatikisa kichwa. Halafu akamuuliza yule mama swali ambalo baba yake alikuwa akiwauliza wauza chumvi: wewe mwenyewe, nyumbani kwako, unakula ya nani?

"Ya mzee Clement," mama alijibu mara moja. "Ukipita Leesburg, kwenye njia ya milimani, banda jekundu. Ila msisumbuke. Jumamosi hauzi. Siku nyingine pia anauza akijisikia."

"Ng'ombe wake wa rangi gani?" Genoveva aliuliza.

"Kahawia. Wadogo, macho makubwa."

"Hao maziwa yao ni mazito. Twende," Genoveva alimwambia Elieth.

Walipita Herndon, ndege za uwanja wa Dulles zikishuka juu yao matumbo wazi, kisha majengo ya vioo yakaisha ghafla na nchi ikaanza kupanda na kushuka. Genoveva alifungua dirisha. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyokatwa yakiwa na umande, na mbali upande wa magharibi milima ilikuwa imelala katika rangi ya moshi. Kuna harufu ambazo mtu hazikumbuki. Zenyewe ndizo humkumbuka mtu, zikamjia zikamshika bega. Elieth, aliyeona uso wake, alizima redio ya nyimbo za injili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa hiari.

Mzee Clement alikuwa mrefu, amevaa mabuti ya mpira, na alitoka bandani akiwa tayari anakataa.

"Leo siuzi."

"Nahitaji tano," alisema Genoveva kwa Kiingereza chake kifupi. "Kwa pikiniki. Saa saba."

"Zilizo ndani zina mahali pa kwenda. Hazijafika wakati."

"Naomba nizione tu."

Mzee alitazama gari lenye alama ya kiti cha magurudumu, akamtazama Elieth aliyeshika mkoba kifuani kana kwamba yuko kituo cha polisi, akamtazama tena huyu mwanamke mfupi aliyekuwa, bila kuambiwa, ameshavua viatu mlangoni. Pengine ni viatu vilivyomshinda. Watu wasiojua huingia na matope. Aliwapa mabuti na kofia za nywele, akawashusha ngazi.

Chini kulikuwa na giza la ubaridi na rafu za mbao hadi darini, na jibini, mamia yake, za njano na kahawia, zimekaa kimya kama waumini. Genoveva alisimama. Alivuta pumzi mara moja, akaishikilia. Halafu mikono yake ikaanza. Hakuwa ameipa ruhusa. Ilichukua jibini ya kwanza, ikaigeuza, ikaipangusa kwa kiganja, kifundo kikaigonga. Ikachukua ya pili, ikaigeuza. Alikwenda hivyo rafu nzima, bila haraka, na mzee Clement, aliyekuwa amefungua mdomo kumkataza, aliufunga.

Kwenye pipa pembeni kulikuwa na ndoo ya maji na kitambaa. Elieth alichungulia. "Hii ni nini?"

"Maji ya chumvi," mzee alijibu. "Ya kuoshea maganda."

Elieth aligeuka kama mtu aliyeachiwa huru na mahakama. "Umesikia? Umesikia, dada Geno? Hata yeye anaosha! Na chumvi!"

"Muulize na ndimu," alisema Genoveva bila kugeuka.

Elieth alifikiri kidogo, akaamua kutouliza.

Katikati ya rafu ya pili mkono wa Genoveva ulisimama. Aligonga tena, akainamisha sikio. Akagonga ile ya jirani, akairudia ya kwanza.

"Hii ina ufa ndani," alisema.

"Haina," alisema mzee Clement. "Niliigeuza jana."

"Uliigeuza. Hukuigonga."

Uso wa mzee ulipanda wekundu. "Miaka thelathini nafanya kazi hii, bibi."

"Kata," alisema Genoveva. "Kama haina ufa, nitakuoshea mbao zako zote leo, miye na huyu. Kama iko nao, unaniuzia tano, na ninachagua miye."

"Mimi tena?" Elieth alinong'ona kwa Kiswahili. "Mbao zote hizi?"

Mzee alitoa kwenye mfuko wa aproni chuma chembamba chenye mfereji, kile ambacho watengenezaji huchoma nacho jibini ili kuonja moyo wake. Alikichoma, akakizungusha, akakitoa. Kipande kilichotoka kilikuwa kizuri, cha rangi ya siagi, hadi katikati. Hapo kilikuwa kimekatika. Mzee akachoma upande wa pili. Hapo pia. Ufa ulikuwa umepita jibini nzima, mwembamba kama unywele, hakuna jicho ambalo lingeuona.

Alikishika kile kipande mwangani kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyecheka mara nyingi, kikakwaruza darini.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Masisi. Kongo."

Alisubiri swali linalofuata, lile ambalo kila mtu huuliza akisikia jina la Kongo. Mzee Clement hakuliuliza. "Walikuwa na ng'ombe gani huko?" alisema. "Na jibini mliziacha rafuni miezi mingapi?"

Walizungumza karibu nusu saa, Kiingereza kikiwa kichache na mikono ikiwa mingi, mpaka Elieth alipoonyesha saa yake mara tatu. Genoveva alichagua tano: tatu ngumu zilizojibu kwa sauti nzito, moja changa ya maziwa ya asubuhi, na moja yenye koti jeupe, ambayo mzee alikwenda kuitoa mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, kwa sababu hiyo, alisema, huwa hamwonyeshi mtu. Elieth aliitazama kwa kicho, mikono nyuma, akaapa kutoigusa.

Saa sita na robo gari lilipanda njia ya kokoto kati ya mistari ya mizabibu. Jelagat alikuwa amesimama kwenye ngazi akiwa na simu sikioni, na alipoona lifti ya viti vya magurudumu ikishuka nyuma ya gari alikuja mbio.

"Mumeleta mgonjwa? Aki leo siwezi mgonjwa!"

Lifti ilitua chini taratibu. Juu yake, kwenye ubao uliotandikwa kitambaa, zilikuwa zimeketi jibini tano na kilima cha mikate.

"Eh," alisema Jelagat. "Kumbe ni bibi harusi."

Wageni walianza kumiminika kabla ya saa saba, watu wa kofia pana na sauti za mapumziko. Mwanzoni Genoveva alizungumza kwa sauti ya kazini, ile ya kutomwamsha mgonjwa, na Jelagat kutoka pembeni alimwona mgeni mmoja akiinama kusikia, akaacha, akaondoka na sahani yake. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Jelagat alikunja uso, na Genoveva aliuona uso huo.

Kisha mwanamume mmoja mwenye ndevu, aliyekwisha kunywa kidogo, alinyooshea kidole ile ngumu. "Tunajuaje kama hii ni nzuri?"

Genoveva alimtazama. Akaichukua jibini kwa mikono miwili, akamletea sikioni, akaigonga.

"Sikiliza," alisema, na safari hii sauti yake ilifika hadi kwenye mashuka ya mwisho.

Mwanamume alisikiliza. Uso wake ukabadilika, kama mtoto anayesikia moyo wa mtu kwa mara ya kwanza. Mkewe akataka kusikia. Nyuma yake kukawa na mstari. Genoveva akawagongea jibini, akawaeleza ng'ombe wadogo wa kahawia na majani ya mlimani, akawaeleza kwa nini ukungu mweupe si uchafu bali ni koti, na kwa nini mkate mzuri lazima uuogope kwa jino la kwanza. Kiingereza kilimkosa mahali pengi. Alipokosa neno alikata kipande na kumpa mtu mkononi, na kipande kikamalizia sentensi. Aliwaambia kwamba kuna nchi ya vilima ambako watu hutengeneza jibini kama hizi katika baridi ya asubuhi, na kwamba yeye alikuwa mgeuzaji. Alisema hivyo tu, mgeuzaji, kwa kichwa kilichoinuliwa, kama mwingine anavyosema alikuwa jaji.

Ilipofika saa tisa hakukuwa na mkate. Mikate kumi ilikuwa imekwisha mpaka makombo, na kwenye ubao yalibaki maganda matatu. Bibi mmoja mwenye miwani ya dhahabu alimwendea Jelagat akauliza yule ni nani.

"Yule?" alisema Jelagat, bila hata kusita. "Huyo ndiye mtaalamu wetu wa jibini."

Genoveva alikuwa akipangusa kisu. Alilisikia lile "wetu". Mkono ulisimama kidogo juu ya kitambaa, kisha ukaendelea.

Wageni walipotawanyika Jelagat alikuja na karatasi yenye tarehe za msimu mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi hadi mwisho wa mwezi wa kumi, na upande wa kulia nafasi tupu ya jina la msimamizi wa meza. "Wiki ijayo wako thelathini na wawili," alisema. "Utaweza, mama?"

"Nitaweza. Lakini Dimanche hapana. Siku ya Mungu ni ya misa."

"Jumapili nani amekuuliza? Lete niandike, unaitwa Genoveva nani?"

"Lete kalamu," alisema Genoveva. "Nitaandika mwenyewe."

Aliketi kwenye ngazi, akaiweka karatasi juu ya goti. Akaandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, kwenye mstari wa kwanza. Jelagat akamwambia angeweza kuchora tu mshale kwenda chini, inatosha. Genoveva alitikisa kichwa. Akaliandika kwenye mstari wa pili, na wa tatu, herufi kwa herufi, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikajikunja, mpaka kwenye Jumamosi ya mwisho kabisa ya msimu.